Rimu za RAV4 inchi 17 zilizotoka na gari: nimpe wa hapa Mtwara, nizipeleke Dar, au nisubiri pesa za korosho?

Kaka Chuno (mwanzisha uzi)
Jumanne, 2 Septemba

Wadau wa Kusini, salaam. Nina jambo dogo ila linaninyima raha. Mama watoto ameshatamka kwamba magunia ya korosho yakianza kuingia ndani, zile rimu zitoke stoo, ama nikalale nazo mimi huko huko.

Gari yangu ni RAV4, ile ya kuanzia 2006. Ilikuja na rimu zake za kiwandani, spoti rimu inchi 17, tairi 225/65R17. Mwezi wa sita nikaweka inchi 16 na tairi 225/70, maana shamba langu liko Tandahimba, na ukishaivuka Mnivata ukaanza michepuko ya ujenzi, tairi ya ukuta mfupi ni kupigishwa mawe kila wiki. Sijutii. Ila sasa nina rimu nne zimeegemea ukuta, na bei ninazopewa haziongei lugha moja.

Mwenye duka la tairi hapa mjini kaziangalia kwa macho tu, akasema 300,000 zote nne na tairi zake, pesa taslimu leo. Dalali kaniambia "niachie, 600,000 inapatikana", lakini hataki kuniambia cha juu chake ni kiasi gani. Jamaa wa Gerezani, Dar, kwa simu: 550,000 nikizifikisha. Mnunua skrepa aliyepita mtaani na toroli naye akasema alumini ni 3,000 kwa kilo, akaziinua moja mkononi na kusema "kilo kumi hii mjomba", yaani kama 120,000 kwa zote. Aliyeniuzia zile 16 alikuwa tayari kuzikata kwa 250,000 kwenye bei yake, nikakataa kwa kiburi.

Nisaidieni kulinganisha. Sitaki kumpiga mtu, ila sitaki na mimi kupigwa.

---

dereva_liwale

Picha kwanza mkuu. Rimu bila picha ni hadithi ya sungura.

---

pancha_ligula

Mkuu Chuno, mimi kazi yangu ni tairi, mwaka wa kumi na tatu sasa. Kabla hujaongea bei na mtu yeyote, zilaze chini uso ukitazama ardhi, chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, futa matope ya nyuma. Uso wa rimu unauza sura, mgongo ndio unauza rimu. Tuletee haya:

Namba zilizochongwa nyuma ya spoku. Itakuwa kitu kama 17x7J, yaani kipenyo na upana kwa inchi, na namba nyingine ya ofseti, yaani milimita ambazo uso wa kufungia nati umesogea kutoka katikati ya upana wa rimu. Pia alama ya JWL, hiyo ni ya viwango vya Japani kwa rimu za alumini.

Ukingo wa ndani, ule usioonekana gari likiwa limesimama. Pitisha kidole taratibu mzunguko mzima. Mashimo ya barabara zetu yanapinda huko ndani, mbele panabaki pazuri kabisa. Ukikuta mahali pamevimba kama kovu, pamechomelewa hapo.

Tairi: zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Na swali ambalo hakuna aliyekuuliza: nati zake unazo?

---

Kaka Chuno

Fundi, nimeshinda uani na taa ya simu mdomoni. Ripoti:

Zote nne zimeandikwa 17x7J, 45, na JWL ipo. Tatu ukingo wa ndani uko laini. Ya nne ina mkunjo mdogo, upana wa kidole gumba, haijapasuka na haijachomelewa. Nilikuwa sijui kabisa kama upo, na nimeiendesha hiyo miaka miwili. Mbele, mbili zina mikwaruzo ya ukingo wa barabara, moja rangi imeanza kutoa malengelenge karibu na valvu.

Tairi mbili zinasoma 1121, ziko vizuri. Mbili zinasoma 3616, vipara, zimeshagusa zile alama za kuisha.

Vifuniko vya katikati vyenye nembo viko vitatu. Cha nne sijui kimepotelea wapi.

Nati zipo kwenye ndoo ya misumari, nimezikuta 20 kamili. Ila ziko tofauti na hizi nilizo nazo sasa kwenye gari. Za zamani zina shingo ndefu na washa yake ya bapa. Hizi mpya zimechongoka.

---

pancha_ligula

Hapo kwenye nati ndipo penye pesa yako, na ndipo watu wanapoumizana bila kujua.

Rimu nyingi za alumini zilizotoka na Toyota za miaka hiyo zinafungwa na nati ya bapa yenye washa. Rimu za chuma na nyingi za kununua pembeni zinataka nati iliyochongoka. Ukimuuzia mtu rimu bila nati, akaenda kuzifunga na zake zilizochongoka, zinashika pembeni tu ya tundu. Atakaza mpaka jasho limtoke, kesho zimelegea. Atarudi kwako akisema rimu mbovu, kumbe nati. Ziuze pamoja, ndoo na yote. Seti yenye nati zake 20 haishindani na seti isiyo na nati.

Lengelenge la rangi karibu na valvu ni chumvi. Mji wetu huu bahari iko puani, alumini inaliwa chini ya vanishi. Ukingo ukianza kuliwa pale tairi inapokaa, upepo unatoka kidogo kidogo. Nikiivua tairi nitapapiga brashi ya waya na kupasafisha, si kazi kubwa. Ile yenye mkunjo mwambie mnunuzi kabla hajaiona.

Halafu usipake rangi! Naona vijana wananunua kopo la dawa la kupuliza, wanazifanya ziwe nyeusi zinang'aa. Mimi nikiletewa rimu kuukuu yenye rangi mpya nauliza: unaficha nini? Sabuni, maji na mswaki vinatosha.

---

dereva_liwale

Mimi nilipaka za Noah nyeusi, ziliuzika siku mbili.

---

pancha_ligula

Uliyemuuzia hakunijua.

---

SpeaMasasi

Naomba nijibu kwa niaba ya sisi tunaoitwa wanyonyaji. Nina fremu ya spea hapa Masasi, na mimi kwa hizo rimu kabla ya kuusoma uzi huu ningekupa 300,000 hiyo hiyo, pengine 320,000.

Sikilizeni. Ukutani nina seti kumi na moja. Ya zamani kuliko zote ina mwaka na miezi, ni ya nati tano lakini 5x100, yaani matundu yake yako kwenye duara la milimita 100, dogo kuliko la Harrier, kila wiki mtu anaingia anaitazama, anauliza "inakaa kwenye Harrier?", namwambia hapana, anaondoka. Pesa yangu imelala ukutani. Kodi ya fremu hailali. Mnunuzi naye kwangu anataka kujaribu, anataka nimrudishie usukani ukitetema, anataka kulipa nusu. Wewe ukimuuzia mtu barabarani mmeachana hapo hapo. Mimi jina langu limeandikwa juu ya mlango.

Kwa hiyo 300,000 ya duka si kwamba ndiyo thamani ya rimu. Ni thamani ya rimu ukitoa muda wa kusubiri, ambao nausubiri mimi badala yako. Kama una shida ya pesa leo, hiyo ni bei ya halali kabisa. Kama huna shida, usiniuzie mimi. Nasema hivi na biashara yangu mwenyewe.

Jambo lingine ambalo wauzaji wa nyumbani hawalijui: rimu ya kiwandani inaweza kuuzwa moja moja. Mtu kavunja moja kwenye korongo, tatu anazo, sura lazima ifanane. Huyo hana pa kukimbilia, mimi nimewahi kuuza moja 160,000. Ukipiga mara nne unaona utajiri. Tatizo ni zile zinazobaki. Rimu tatu ni ugonjwa, hakuna gari la bajaji linalovaa inchi 17. Mwenye duka anaweza kukaa nazo, wewe mwenye mke mwenye magunia huwezi.

---

Bi Shangani

Asante kaka wa Masasi kwa ukweli, wengine wangeficha.

Mimi niliuza rimu za Harrier za marehemu baba mtandaoni, Facebook na makundi ya WhatsApp. Kaka Chuno, njia hii ndiyo ilinipa bei nzuri, lakini haya ndiyo yaliyonipata kabla ya kuifikia hiyo bei.

Siku tatu za mwanzo simu haikukaa. "Bado zipo?" Nikijibu zipo, kimya. Watu kama thelathini hivi, wanne tu ndio waliouliza kipimo. Mmoja akakubali bei bila kupunguza hata mia, nikashangaa. Akasema yuko Lindi, anamtuma bodaboda, na pesa anatuma kwa simu. Bodaboda akafika, akaanza kufunga rimu mbili kwenye kiti. Meseji ikaingia, jina lipo, kiasi kipo, salio jipya lipo, kila kitu. Mdogo wangu ndiye aliyesema dada, mbona meseji imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida? Nikaangalia salio. Hamna kitu. Bodaboda wa watu naye hakujua chochote, alikuwa amelipwa ahadi. Tulimpa maji ya kunywa akaenda zake.

Tangu hapo: salio kwanza, kamba baadaye. Hata akiwa ni mtoto wa shangazi.

Na kwenye tangazo usiandike "rimu kali za RAV4 bei poa nicheki". Andika vipimo vyote, taja na kasoro, weka picha ya mgongo. Nilipoandika hivyo simu zilipungua, ila waliopiga walikuwa wanunuzi.

---

mtoto_wa_gerezani

Nimezaliwa Mikindani, kazi nafanya Dar, spea kuukuu. Kaka Chuno, hiyo 550,000 ya simu isahau. Sisemi jamaa ni mwongo, nasema nafahamu inavyokwenda.

Unafunga mzigo, rimu nne na tairi zake ni kilo tisini na ushee. Basi linakutoza, guta la kutoka stendi linakutoza. Zaidi ya kilomita 550. Mzigo ukishashushwa mbele ya duka, bei inaanza upya: huu mkunjo hukuniambia, hizi tairi mbili vipara, hiki kifuniko kiko wapi. Inashuka 400,000, inashuka 380,000. Utafanya nini, uzipandishe tena basi zirudi Mtwara? Yeye anajua kwamba huwezi.

Na fikirini jambo hili kwa akili ya biashara tu. Kontena za spea kuukuu kutoka Japani zinashukia wapi? Huku. Kila siku nawaona watu wa Lindi, Masasi, Newala wanakuja kununua rimu huku wapeleke huko. Wewe unataka kuleta samaki feri! Rimu yako ina bei nzuri zaidi ikiwa hapo hapo Mtwara kuliko ikiwa Dar, kwa sababu hapo ziko chache.

Hesabu yangu mimi ndiyo hii. Seti safi ya kiwandani kama hiyo, bila tairi, dukani huku mteja wa mwisho anaichukua 480,000 mpaka 550,000 kutegemea mdomo wake. Mtu wa Kusini akija kuinunua anaongeza usafiri wa mzigo, nauli yake na siku mbili za kazi. Basi bei yako ya haki ni ile itakayomfanya aone kupanda basi ni usumbufu. Ukizidisha hapo anapanda basi. Ukishuka sana chini ya hapo umempa zawadi.

---

Kaka Chuno

Hii ya mtoto wa Gerezani imenifumbua macho. Nilikuwa nafikiri Dar kila kitu ni ghali.

Basi Dar nimeifuta. Na hata kama ingelipa, nakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika upande wa Somanga, nilikuwa na mashine ya kubangulia imekwama njiani siku sijui ngapi. Mzigo wa kuuza ukwame huko, mimi na mnunuzi tuombane radhi kwa simu.

Dalali nimempigia leo. Nimemuuliza kwa adabu kabisa cha juu chako ni kiasi gani, akacheka: "Bosi, wewe taja unachotaka mfukoni, kingine kisikuumize."

---

SpeaMasasi

Hilo si jibu baya, mradi utaje bei ya juu na uweke siku. "Nataka 480,000 mkononi, wiki mbili, zikipita nachukua mzigo." Dalali mbaya ni yule unayemwachia mzigo bila tarehe. Ukienda kuuliza baada ya mwezi unakuta moja iko kwenye gari la shemeji yake.

---

Nkulungwa70

Wanangu, mimi niko Lindi mjini, umri umekwenda, magari nimemiliki sita. Ushauri wangu ni tofauti. Usiuze. Zifunge gunia, weka darini. Siku utakapouza hiyo gari, mnunuzi akiiona imesimama kwenye rimu zake ilizozaliwa nazo, roho yake inatulia. Hizo 16 utazivua ukauze kivyake au uhamishie gari jingine. Niliuza Harrier yangu namna hiyo na jamaa hakubishana hata kidogo.

---

pancha_ligula

Shikamoo mzee wangu. Kwa mwenye dari na mpango wa kuuza gari mwaka huu au ujao, nakubaliana na wewe. Kwa Kaka Chuno zile tairi za 1121 zinazeeka zikiwa zimekaa tu, na rimu zikikaa karibu na bahari hii bila kuvuliwa tairi, chumvi inaendelea kula. Angalau avue tairi.

---

Nkulungwa70

Marahaba. Avue tairi, azipake grisi nyepesi ukingoni, azifunge. Lakini asiuze.

---

Kaka Chuno

Mzee shikamoo. Dari langu ni la kumfanya popo afikirie mara mbili. Nakuelewa lakini gari hii sina mpango wa kuiuza, labda inifie mkononi.

---

Mwalimu Tandahimba

Nachelewa kuingia kwenye uzi kwa sababu ya mtandao, ila nashangaa mmeongea kurasa nzima kuhusu wapi pa kuuzia na hakuna aliyegusa lini, isipokuwa kichwa cha habari chenyewe.

Sasa hivi ni Septemba. Huku kwetu mtu mwenye gari hana hata ya mafuta, pesa yote iliishia kwenye kupulizia mikorosho na vibarua wa palizi. Ukimtajia rimu za laki tano atakuona una matatizo. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanapita kwenye AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, na wiki ambayo pesa imeingia kwenye akaunti za watu mji unabadilika. Bati zinauzika, pikipiki zinauzika, fundi seremala anakimbia kutafutwa. Mwenye gari lililosimama juu ya matofali analishusha. Hao ndio wateja wako. Mwaka juzi nilinunua tairi mbili Novemba kwa bei ambayo Machi ningetukanwa nikiisema.

Ila usisubiri mpaka Januari. Januari ada na sare vimeshaikausha pesa, na wale waliobaki na chenji wanaitunzia kilimo. Dirisha lako ni katikati ya Oktoba mpaka mwanzo wa Desemba. Ukimpa mwenye duka 300,000 leo, yeye anachofanya ni kukaa nazo miezi miwili tu na kuuza Novemba.

---

SpeaMasasi

Mwalimu umetoa siri ya duka hadharani. Ni kweli. Lakini na sisi ndiyo miezi tunayojaza mzigo kutoka Dar, kwa hiyo usidhani utakuwa peke yako sokoni.

---

dereva_liwale

Swali la kijinga. RAV4 zilizopo huko Kusini zote zina rimu zake. Nani anunue?

---

pancha_ligula

Si la kijinga, ni zuri kuliko unavyodhani. Mtu akiandika "rimu za RAV4" anamwita mwenye RAV4 peke yake. Hizi ni 5x114.3 na tundu la katikati milimita 60.1. Vanguard ni ndugu tumbo moja na RAV4 hiyo, anavaa bila swali, na tairi ni saizi ile ile. Harrier na Kluger nao matundu na katikati ni hayo hayo, na nyingi zinatumia 225/65R17. Hao watatu ukiwaongeza kwenye tangazo umepanua soko mara tatu.

Asiyevaa: IST zile za kwanza, Probox, hao ni nati nne. Premio na Allion nati tano lakini 5x100. X-Trail ndiye anayewadanganya watu, matundu ni 114.3 kama yako, lakini kitovu cha gari lenyewe ni 66.1, kinene kuliko tundu la rimu yako. Haiingii. Nimeshuhudia kijana anapiga nyundo.

Mnunuzi asiyejua gari lake lina kipimo gani mwambie achukue rula, apime kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu la jirani yake. Ikiwa karibu milimita 67, ni 114.3. Ikiwa 59, ni 5x100, muage vizuri.

---

Bi Shangani

Na karatasi. Piga picha ya rimu zikiwa bado kwenye gari lako kama unayo, na uwe na nakala ya kadi ya gari. Mtu makini atauliza umezipata wapi. Mimi niliandikiana na mnunuzi nusu ukurasa, majina, namba za vitambulisho, kasoro tulizokubaliana. Inamlinda yeye akisimamishwa nazo, inakulinda wewe akirudi na hadithi.

---

Kaka Chuno

Alhamisi, 11 Septemba

Wakuu nimeamua, nawaambia ili mnisute kama nakosea.

Duka hapana, sina shida ya leo. Dar hapana. Skrepa hata siongelei, ingawa yule mjomba wa toroli kapita tena jana akiangalia geti. Dalali nimempa tarehe na bei, mzigo haondoki nao, anamleta mtu nyumbani. Fundi wa Ligula kanivulia tairi kwa 20,000 zote nne, na ile yenye mkunjo kaizungusha kwenye mashine mbele yangu. Inayumba kidogo sana, uzito wa balansi unaitosha.

Tairi mbili nzuri nitauza kivyake. Rimu na nati pamoja. Tangazo naliweka wiki ya pili ya Oktoba, 560,000, maongezi yapo.

Mama watoto kanipa mpaka gunia la kwanza.

---

Nkulungwa70

Umekataa la mkubwa. Haya, uuze salama.

---

Kaka Chuno

Jumapili, 16 Novemba

Naleta mrejesho kama nilivyoahidi.

Dalali alileta watu wawili, mmoja alikuwa na X-Trail. Tarehe ikapita, tukaachana kwa amani. Tairi mbili za 1121 zilitoka mapema, dereva teksi kazichukua 120,000. Vipara viwili jirani kavijaza udongo kaotesha mchicha.

Tangazo wiki mbili za mwanzo kimya. "Bado zipo?" nilihesabu mpaka kumi na tisa nikachoka. Kisha wiki ile malipo yalipoanza kuingia, ndani ya siku nne nikapata simu tano za maana. Mwalimu nakuvulia kofia. Mmoja alikuwa Newala, akataka kwa 400,000. Mmoja wa Ruangwa ana Vanguard, amevunja rimu mbili msimu huu huu akikusanya mzigo vijijini, hataki tena kutafuta moja moja. Yeye hakuuliza bei kwanza. Aliuliza "nati ni zile zenye washa?" Nikajua huyu ni mtu.

Alikuwa na safari ya Lindi, tukakutana Mnazi Mmoja pale njia panda. Nilimwambia mkunjo kabla hajashuka kwenye gari. Akaichagua hiyo hiyo, akatoa jeki, akaivalisha gurudumu la nyuma kushoto, akaizungusha kwa mkono akiwa amechuchumaa na jicho moja kalifumba. Wauza machungwa wamesimama wanatazama kama mpira. Ikazunguka, ikazunguka, akasema "nyuma itakaa". Akaanza na 450,000. Nikamwambia hesabu ya mtoto wa Gerezani kama ilivyo, sikuongeza neno: Dar utazipata kwa 500,000 hivi ukiwa hodari, ongeza basi na siku zako mbili. Alicheka kwanza. Tukamalizana 500,000, nikatazama salio ndipo nikafungua kamba, Bi Shangani asante. Tukaandikiana juu ya boneti.

Isipokuwa amezuia 20,000 mpaka nimpelekee kifuniko cha nne cha katikati. Nimerudi nyumbani nimegeuza stoo nzima. Jana mama watoto ndiye aliyekiona: binti yetu mdogo anakitumia kama sahani ya kupikia ugali wa mchanga, na hataki kabisa kukitoa. Mwenye kifuniko kimoja cha Toyota cha rimu hizi, anitumie ujumbe inboksi, tuongee bei.

---

SpeaMasasi

Ninacho. 15,000.

---

mtoto_wa_gerezani

Mkuu Chuno mnunulie binti sahani nyingine, usimsikilize huyo.